Malalamiko: nimelipia risasi za 12/70 mmeniletea 12/76, halafu mnaniambia nichezee baruti mwenyewe

Kwa Meneja Mauzo,

Salamu bosi. Mimi mteja wenu niko Nachingwea, mkulima wa korosho na ufuta, nina shotgan ya mitutu miwili ambayo naimiliki kihalali kabisa, kitabu ninacho na leseni nalipia kila mwaka, kwahiyo msinichukulie kama mtu wa kubabaisha. Huku kwetu nguruwe pori na nyani wakiingia shambani usiku mmoja tu unaweza kulia, ndo maana hela ya mnada ilipoingia kitu cha kwanza nikaagiza risasi kwa wakala wenu wa Mtwara mjini.

Risiti yenu ninayo hapa, imeandikwa namba 12, yaani upana wa mtutu, na milimita 70, yaani urefu wa risasi. Boksi nalo limebandikwa stika yenu juu, namba 12 tu basi, urefu hakuna. Nikaibandua ile stika. Chini yake kiwandani waliandika 12/76, na ukiangalia ganda la risasi lenyewe ubavuni kuna maandishi madogo yanasema hivyo hivyo. Sasa hapo mtaniambia ni bahati mbaya? Stika imekaa palepale penye urefu, bosi.

Nilipompigia kijana wenu wa mauzo akaniambia "mzee wangu si inaingia? Ikiingia inapiga." Jamani! Inaingia ndio, na hiyo ndo hatari yenyewe. Ule urefu wa 70 au 76 ni urefu wa ganda likishafunguka baada ya kupigwa, kabla ya hapo mdomo umekunjwa ndani kwahiyo risasi ya 76 inateleza kwenye chemba ya 70, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kama yake. Ukifyatua mdomo unataka kukunjuka na hauna nafasi, unaenda kuziba pale mtutu unapoanza kubana, marisau yanapita kwa shida, presha inapanda, na risasi ya 76 mara nyingi imejazwa mzigo mkubwa kuliko ya 70 toka mwanzo. Bunduki yangu ni ya zamani, chini ya mtutu imegongwa 70. Uso wangu unakuwa sentimita chache tu kutoka kwenye hiyo chemba nyie.

Ila hilo ningeweza kuliita uzembe wa stoo. Kilichonifanya niandike barua ni alichosema baada ya hapo. Eti nifungue risasi, nimwage baruti kidogo, au nitoe yote niweke baruti ya kwenye risasi za bastola maana "ile ni kali, kijiko kidogo tu kinatosha." Kijiko! Hivi huyu mmemfundisha nyie au kajifundisha gobole kijijini kwao?

Mwambieni hivi. Baruti nyeusi ya gobole, ile ya chumvi ya shura, mkaa na kiberiti, na hii baruti isiyo na moshi ya risasi za kisasa ni vitu viwili tofauti. Hii ya kisasa presha ikipanda nayo inazidi kuwaka haraka, na hapo ndipo mtutu unapasuka. Na zenyewe kwa zenyewe hazifanani, ya bastola kwa kawaida inawaka haraka kwa sababu mtutu wake mfupi, ya raifo inawaka taratibu, ya shotgan iko upande wa haraka na zipo nyingine zinatumika huku na huku, lakini kila moja na kipimo chake, na kipimo chenyewe kinaenda na kiwashio chake, na kizibo chake kinachotenga baruti na marisau, na uzito wa marisau yenyewe. Kwa macho huwezi kuzijua, zote ni chenga za kijivu tu. Marekani ambako watu wanajaza risasi za bastola nyumbani na sheria yao inaruhusu, wanafuata jedwali la mtengenezaji wa baruti na mizani ya kupima sehemu ya kumi ya greni, na greni zenyewe 7000 ndo zinafanya pauni moja ya uzito. Hata wao baruti ya haraka wanaiogopa, kipimo chake ni kidogo mno mpaka mtu anaweza kujaza mara mbili kwenye ganda moja na asione. Ukipunguza ovyo nayo balaa, kizibo kinakwama katikati ya mtutu, unadhani haikulia vizuri, unapiga ya pili, mtutu unapasuka.

Na hata ningekuwa na mizani ya dhahabu, hapa Tanzania kujitengenezea risasi nyumbani bila kibali ni kosa, sheria ya silaha na risasi ya 2015 ipo. Kampuni yenye leseni ya kuuza inamshauri mteja avunje sheria, tena kwa simu ya ofisi, hilo mlifikirie vizuri.

Sasa nataka hivi. Mchukue maboksi yenu mnipe 12/70 au mrudishe hela yote pamoja na ile ya wakala. Stika zitolewe kwenye mzigo wote uliokuja kusini, na wenzangu wa Masasi, Newala, Liwale waliouziwa mzigo huohuo wapigiwe simu, majina yao mnayo kwenye daftari la mauzo, hamna kisingizio. Nakala ya barua hii napeleka polisi wilaya wiki hii.

Risasi sijapiga hata moja, nimezifungia. Mje na kibali cha kusafirisha mzichukue wenyewe, mi sipandi nazo basi. Na mkinipigia asinipigie yule kijana.

Mteja wenu,
Nachingwea, Lindi