Anayempeleka kijana kwenye unga ni anayeuza bangi na unga pamoja

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, maana hii hoja ya kwamba ukishavuta bangi basi kinachofuata ni unga, yaani heroini, imekuwa wimbo, inasemwa mashuleni, inasemwa kwenye mikutano ya mtaa, viongozi wakishika maiki wanairudia hivyohivyo na watu wanapiga makofi. Mimi mdogo wangu wa tumbo moja yuko kwenye methadone, ile dawa ya hospitali wanayopewa mateja ili waachane na unga, tumemuuguza nyumbani miaka na miaka, kwa hiyo hii habari naijua ndani nje na inaniuma sana tukipoteza muda kupiga pasipo penyewe.

Ukimuuliza teja yeyote atakwambia nilianza na fegi, nikaja kwenye bangi, afu ndo unga. Ni kweli, hadanganyi. Ila hapo umemuuliza aliyefika kwenye unga, hujaenda kuwauliza wale wazee wa mtaani wanaovuta bangi tangu enzi za Nyerere na unga hawajawahi kuugusa mpaka leo, na kila mtaa unao wake, tena wengine ni mafundi wazuri tu wameshasomesha watoto. Hata mtafiti Denise Kandel wa Marekani, ambaye utafiti wake wa mwaka 1975 ndio ulioipa nguvu hii hoja duniani, aliwafuatilia wanafunzi wa sekondari wa New York akakuta wanaanza na bia na mvinyo, wanakuja kwenye sigara au pombe kali, ndipo inafuata bangi na baadae hayo mengine. Yani bia na sigara zimetangulia mbele ya bangi lakini hatusikii mtu akisema bia ndo mlango wa unga. Na yeye mwenyewe aliandika wazi kwamba huo mpangilio hauthibitishi kuwa anayetumia hiki lazima atafika kwenye kile.

Sasa tuje hapahapa kwetu. Bangi inalimwa wapi? Tarime, Arumeru, Iringa, milimani huko Morogoro, kila mtu anajua na kila mwaka tunaona mashamba yanafyekwa na kuchomwa moto. Kama bangi ndio inayozaa mateja basi vijiji vya Tarime ndio vingejaa mateja wa kwanza nchi hii kabla ya Kinondoni na Temeke. Haikuwa hivyo. Unga ulianzia pwani, Dar, Zanzibar, Tanga, na wenzetu wa Mombasa na Malindi, kuanzia miaka ya 1980, kwa sababu uliingia kwa bandari, kwa viwanja vya ndege na kwa majahazi kutoka Asia, baadae ndo ukapanda na barabara kuu mpaka Arusha, Mwanza na Mbeya. Umefuata njia ya mzigo. Pale mzigo ulipotua ndipo watu walipoharibika, hata kama bangi ilikuwa haba kuliko huko inakolimwa.

Kwa hiyo mimi ninavyoona kinachomtoa kijana kwenye bangi kumpeleka kwenye unga ni mtu, ni pusha anayeuza, na kile kijiwe anachokwenda kununua. Kwa sababu vyote ni haramu basi mara nyingi mkono unaouza msokoto ndio huohuo una kete, yaani kipakiti kidogo cha unga, na faida ya kwenye kete ni kubwa zaidi maana mteja wa unga anarudi kesho atake asitake. Hapo ndipo inapoingia kokteli, msokoto wa bangi uliochanganywa na unga, unapewa leo bure, kesho bure, wengine wala hawaambiwi kilichomo ndani. Mdogo wangu alianza hivyohivyo, alipewa na mtu aliyemwona kama kaka yake. Na mabinti wengi wamepewa na wapenzi wao. Siku kokteli haipo ndio anaijua arosto, anapiga miayo haishi, machozi na makamasi yanamwagika, tumbo linaharisha, mifupa inauma mpaka anajigonga ukutani, na anakuomba hela ya kete moja tu apate kusimama. Bangi haimfanyi mtu hivyo, aliyewahi kukaa na mgonjwa wa arosto ndani usiku kucha anaelewa ninachosema.

Sisemi bangi ni salama, tusielewane vibaya. Kuna utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2003, walichukua jozi 311 za mapacha, kila jozi mmoja alianza bangi kabla ya miaka 17 na mwenzie hakuanza umri huo. Mama mmoja, nyumba moja, na bado yule aliyewahi kuanza alikuwa na uwezekano mara mbili mpaka mara tano zaidi wa kuingia kwenye dawa nyingine. Hiyo ndio hoja nzito kuliko zote za upande wa pili na naiheshimu. Ila angalia inasema nini, inazungumzia aliyeanza utotoni, na hao watafiti wenyewe walisema huenda ni sababu ya marafiki na kujuana mapema na wauzaji. Hapo ndo tunarudi kwenye kijiwe.

Sasa kinachoniudhi ni jinsi tunavyowaambia watoto. Mtoto anaambiwa bangi na unga ni kitu kimoja, ukigusa umekwisha. Akifika kidato cha pili anamwona mwenzake anavuta bangi na bado anafaulu hesabu, naye anajaribu, haoni lile balaa aliloambiwa, basi kuanzia hapo kila mnachomwambia anaona mnamtisha tu, na siku pusha akimwambia hata unga wanakutishia bure anamwamini pusha. Tumwambie ukweli kila kitu kwa ubaya wake, bangi inamharibia akili mtoto ambaye bado anakua, inaweza kumletea wazimu, na unga ni jambo lingine kabisa.

Na huko tunakopiga kelele bangi bangi, mtoto wa darasa la sita anatumwa dukani sigara moja anapewa na kiberiti juu, wakati sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Viroba vya pombe kali vilipopigwa marufuku Machi 2017 tuliona inawezekana kabisa, vilitoka madukani. Kwanini sigara kwa watoto ishindikane? Waholanzi mwaka 1976 walibadili sheria yao wakaitenganisha bangi na dawa kali, na walichotaka ni kwamba anayetafuta bangi asikutane na muuza heroini. Sisemi tufungue maduka ya bangi, hapana, ila polisi wakivamia kijiwe wamtafute kwanza mwenye kete, wasijaze karandinga vijana wenye misokoto halafu pusha kesho yake yupo palepale na wateja wapya.

Tangu Muhimbili ilipofungua kliniki ya kwanza ya methadone nchini mwaka 2011 zimeongezeka na zimeokoa watu wengi mno, mdogo wangu akiwa mmoja wao. Anaamka alfajiri, anapanga foleni, anakunywa dozi yake mbele ya nesi, anaongea maneno mawili matatu kuonyesha amemeza, anarudi kwenye kazi zake. Ila pale foleni inapoanzia, nje ya geti, wapo wanaopita na kete mifukoni kuwatega wagonjwa wasifike dirishani. Wahusika wakitaka pa kuanzia, waanze hapo.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam