Ile 10-8 haikuwa gemu, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Bila shaka unaikumbuka taarifa yenu ya fainali ya tenisi ya wanaume wawili wawili, ile mliyoibana chini ya picha kubwa ya bingwa wa mmoja mmoja. Mwandishi wenu alitaja matokeo kuwa 6-4, 3-6, 10-8, kisha akasema seti ya tatu ilirefuka hadi gemu ya 18. Makosa ya namna hii nimeyavumilia miaka mingi. Safari hii nimeshindwa, maana kesho yake mazoezini vijana wawili walibishana hadi wakanuniana, mmoja akiwa ameshika gazeti lenu kama ushahidi.

Seti ya tatu haikuwapo. Katika mashindano ya kawaida ya ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, timu zikigawana seti moja moja, mshindi hupatikana kwa taibreka, mchuano mfupi wa kuamua unaohesabiwa kwa pointi hadi 10, na lazima ashinde kwa tofauti ya pointi 2. Hizo 18 ni pointi. Ndani yake kuna hesabu ambayo huwaumiza makocha vichwa: anayefungua hupiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha pointi, kwa pointi moja tu, kisha kila mmoja hupiga mbili mbili kwa zamu. Ikiisha 10-8, yule wa kwanza wa kila timu amepiga sevu tano na mwenzake nne. Wakifika 8-8, sevu inayofuata ni ya yule yule aliyefungua. Timu inaruhusiwa kupanga upya nani atangulie taibreka inapoanza, kwa hiyo swali la kuuliza ni nani aliyetangulizwa, na kwa nini. Mwandishi wenu hakuliuliza.

Kilichoniudhi zaidi ni pale alipoandika kwamba walioshindwa "walipoteza sevu kwa bahati mbaya wakiwa 40-40", yaani walipoteza gemu waliyokuwa wakipiga sevu wao wenyewe. Bahati gani? Kwenye wawili wawili ya ATP hakuna faida, ile hatua ya kutakiwa kuongoza kwa pointi mbili: ikifika 40-40 inachezwa pointi moja, anayeishinda anachukua gemu, na wapokeaji ndio wanaochagua sevu ije upande wa kulia au wa kushoto. Hawawezi kubadilishana nafasi. Wanachochagua ni nani kati yao atakayebeba mzigo huo. Wakichagua kulia na mpokeaji akawa anatumia mkono wa kulia, mpigaji hutamani sevu ya kati, karibu na mstari unaogawa maboksi, kwa sababu inamfikia kwenye bekhendi, upande wa mkono wake wa kushoto, na inamnyima pembe. Hapo ndipo mtu wa mbele, mwenzake mpigaji anayesimama karibu na wavu, anapochuchumaa karibu kabisa na mstari wa kati, kichwa kikiwa chini ya usawa wa wavu, ambao pale katikati una sentimita 91.4 tu, asije akapigwa kisogoni na sevu ya mwenzake. Vidole nyuma ya mgongo vimeshatoa ishara: sevu iende wapi, na yeye atakimbilia upande gani. Akiondoka mapema, mpokeaji anamwona na kuupitisha mpira pale alipopaacha wazi. Akichelewa, mpira unampita akiwa bado anainuka. Wakati wake ni ule mpokeaji anapoangusha macho kwenye mpira na raketi imeanza kwenda mbele. Katika pointi ile ya fainali mtu wa mbele aliondoka mapema, marudio ya televisheni yalionyesha wazi, na mpira ukapita kwenye korido, ule ukanda wa pembeni, iliyobaki tupu. Hilo ni kosa la kuwahi kuondoka, lina jina la mchezaji, na lilistahili sentensi moja.

Mwandishi akamalizia kwamba wawili wawili ni kimbilio la walioshindwa mmoja mmoja. Mwaka 2024 kwenye Olimpiki ya Paris, Rafael Nadal na Carlos Alcaraz, mabingwa wakubwa wa mmoja mmoja, walitolewa robo fainali na Wamarekani Austin Krajicek na Rajeev Ram, 6-2, 6-4. Mwaka huo huo Rohan Bopanna wa India, akiwa na miaka 43, alitwaa Australian Open pamoja na Matthew Ebden na kufika namba moja duniani kwa mara ya kwanza. Ndugu pacha Bob na Mike Bryan walishinda mataji 119 pamoja. Hawa wamebobea katika kazi nyingine: uwanja wenye upana wa mita 10.97 badala ya 8.23, ilhali boksi la sevu limebaki lile lile, na mpigaji ana ruhusa ya kusimama pembeni zaidi ili apate pembe kali.

Na mliposifia wawili wawili mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, wa US Open 2025 mlirudia yale yale. Timu 16, nane zikiingia kwa viwango vya mmoja mmoja, seti za gemu nne hadi nusu fainali, na wabobezi wa wawili wawili karibu wote wakaachwa nje. Nani walishinda? Sara Errani na Andrea Vavassori, mabingwa wa mwaka uliotangulia, wakiwafunga nyota wa mmoja mmoja Iga Swiatek na Casper Ruud 6-3, 5-7, 10-6. Kurasa zenu zilijaa picha za nyota waliotoka raundi ya kwanza.

Naomba fainali ijayo mwandishi wenu akae nyuma ya mstari wa mwisho, asikae pembeni, na amtazame mtu wa mbele badala ya mpira. Daftari lake liwe na safu nne: upande uliochaguliwa kila ikifika 40-40, mtu wa mbele alihama au alibaki, pointi ilikwenda kwa nani, na nani alifungua taibreka. Taibreka ya mwisho muichape ndani ya mabano ya mraba, [10-8], ili asiwepo tena wa kudhani ni gemu. Nafasi mliyotoa inatosha kabisa kwa haya yote.

Msomaji wenu,
Kocha wa tenisi