Wanafunzi waijenge picha ya CT kwa mikono yao kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu ufundishaji wa tomografia ya kompyuta vyuoni, yaani kipimo ambacho wengi wamezoea kukiita CT skani: mionzi ya eksirei hupitishwa mwilini kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta hukokotoa picha ya ndani. Mara nyingi somo hili hukatwa vipande viwili visivyokutana: wanafunzi wa radiolojia hufundishwa mashine, namna ya kumlaza mgonjwa na kiasi cha mionzi, ilhali wenzao wa hisabati hukokotoa matriksi, yaani majedwali ya namba, muhula mzima bila kuambiwa zina kazi gani. Napendekeza wote wakutane katika zoezi moja, la kuijenga picha kutokana na vipimo ghafi, kabla hawajakabidhiwa programu inayowafanyia kila kitu.

Kifaa chenyewe hakikuzaliwa katika kipande kimoja. Mwaka 1917 Johann Radon, mwanahisabati wa Austria, alithibitisha kwamba umbo la ndani linaweza kupatikana kutokana na jumla za thamani zake kwenye mistari inayolikata. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini, alilitatua upya swali hilohilo na kuchapisha matokeo mwaka 1963 na 1964 bila kujua kwamba Radon alikwisha kulijibu. Mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeunda mashine iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza, mjini London, tarehe 1 Oktoba 1971. Yeye na Cormack walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979, na hakuna kati yao aliyekuwa daktari.

Zoezi ninalolisema linaweza kuanza na karatasi tu. Mwanafunzi achore mraba wenye vyumba vinne, kila chumba kikiwa na namba iliyofichwa, kisha aambiwe kwamba kila safu mlalo ina jumla ya 5 na kila safu wima vilevile. Ana milinganyo minne na namba nne za kutafuta, kwa hiyo atadhani kazi imekwisha. Lakini 2 na 3 juu, 3 na 2 chini, zinakubali. 1 na 4 juu, 4 na 1 chini, nazo zinakubali. Mlinganyo wa nne haukumwongezea chochote, kwa sababu jumla ya safu mlalo zote lazima ilingane na jumla ya safu wima zote. Akipewa kipimo kimoja tu cha mshazari, yaani jumla ya vyumba viwili kutoka kona hadi kona, utata unaondoka. Kila jumla hapa ni mfano wa kipimo cha mwali mmoja wa mionzi uliopita mwilini. Hapo ataelewa kwa nini mashine huzunguka, na kwa nini Hounsfield alichukua vipimo 28,800 ili kujaza picha ya pikseli (vyumba vidogo vya picha) 80 kwa 80, ambazo ni 6,400 tu. Picha za siku hizi huwa aghalabu na pikseli 512 kwa 512, na kwa ukubwa huo karatasi haifui dafu. Kompyuta ya kawaida inatosha.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito kwa mgonjwa. Ukivirudisha vipimo kwenye picha jinsi vilivyo, kila kimoja kikisambazwa juu ya mstari wake, picha hutoka na ukungu. Ukivichuja ili kingo zionekane, unakuza pia chengachenga, yaani vitone vya ovyo visivyo sehemu ya mwili. Kupunguza chengachenga hizo kwa nusu kwa kuongeza mionzi peke yake kunahitaji mionzi mara nne. Mtaalamu aliyewahi kubadilisha kichujio kwa mkono wake atajiuliza kwanza kama picha laini zaidi ingetosha kwa swali la daktari, kabla ya kuongeza dozi. Ndivyo ilivyo pia kwa miduara inayojitokeza pale kihisio kimoja kinaposoma vibaya, au michirizi inayotoka kwenye jino lililozibwa kwa chuma: aliyeiona ikizaliwa katika hesabu zake hataidhania ugonjwa.

Najua walimu watasema ratiba imejaa na kwamba wanafunzi wa radiolojia wanaiogopa hisabati. La ratiba nalikubali. La woga silikubali, kwa kuwa zoezi la vyumba vinne linahitaji kujumlisha tu, na mlango huo mdogo unatosha kuwaingiza. Kama nafasi ni finyu, ningependa vyuo vianze na swali moja la mtihani kwa madarasa yote mawili: mtahiniwa apewe picha yenye mduara usiostahili kuwepo, aeleze umetoka kwenye kipimo gani.

Ni mimi,
Mwalimu wa hisabati