Barua ya malalamiko: Nirudishieni rekodi za moyo wangu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu, Nairobi.

KUH: KUFUTWA KWA REKODI ZANGU ZA AFYA NA KUSOMWA KWA SIRI ZANGU MBELE YA WATU, TAWI LA MOMBASA

Bw./Bi. Meneja,

Pokea salamu zangu. Nitajitahidi kuandika kwa adabu hadi mwisho, ingawa adabu hiyo sikuipata kwenu.

Ofa yenu ya kuleta bangili ya zamani ya mazoezi na kuongeza pesa upate saa mpya mnaijua, na masharti yake mliyatunga wenyewe. Mliahidi kwamba rekodi za mteja zitahamishwa bure dukani. Bangili yangu niliileta nzima, inachaji, inafanya kazi. Pesa nililipa kwa M-Pesa na risiti ninayo. Nilitoka dukani na saa ambayo haina habari yangu hata moja.

Kijana wa kaunta aliniomba simu ikiwa wazi ili ahamishe rekodi. Nikampa, kwa sababu huo ndio utaratibu wenu. Hakuhamisha kitu. Alianza kusoma. Akataja uzito wangu kwa sauti. Akamgeukia mwenzake, "Huyu mama halali, hebu ona." Kisha akafungua ukurasa wa hedhi, akaniuliza mbele ya foleni kama bado naziona au zimeshakatika. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe simu yangu." Akajibu, "Subiri mama, inamalizia." Iliyokuwa inamalizia ilikuwa ni kufuta akaunti yangu.

Nilipolalamika akaniambia nisiwe na wasiwasi, hizo ni hatua tu, nitatembea nyingine.

Kwa hilo naomba mnisikilize vizuri. Sikuwa nahesabu hatua. Hizo hatua 10,000 ambazo kila tangazo linazitaja zilitokana na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, ilikuwa namba ya kuuzia bidhaa. Mimi nina presha. Natumia dawa inayopunguza kasi ya moyo, na daktari wangu huangalia mapigo yangu ninapokuwa nimepumzika, mwezi kwa mwezi, kabla hajaongeza au kupunguza dozi. Rekodi zile zilionyesha moyo wangu ulivyokuwa kabla ya dawa, ulivyokuwa nilipoanzishiwa, na ulivyotulia nilipozoea kutembea alfajiri pale ufukweni Mama Ngina hadi jua linapochomoza juu ya bahari. Kipindi cha kabla ya dawa siwezi kukirudia. Hakuna saa duniani itakayokwenda kukipima leo.

Msiniambie kwamba saa mpya itajifunza. Najua itajifunza. Taa zile za kijani zinazomulika mkononi zinasoma damu inavyopita chini ya ngozi, halafu kila kampuni inakokotoa kwa njia yake, ndiyo maana namba za saa hii hazilingani na za bangili. Kwa sababu hiyohiyo rekodi za zamani zilihitajika zaidi, ili daktari aone tofauti inatoka kwenye kifaa au inatoka kwangu. Juzi alinipa karatasi na kalamu, akaniambia nianze kuandika mapigo kwa mkono asubuhi na jioni.

Wala msiseme haiwezekani kuhama na rekodi. Mwenye bangili ya Fitbit anapakua zake kupitia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako mwenyewe. Mwenye saa ya Garmin anaomba data zake zote kutoka kwenye akaunti. Kwenye simu za Android kuna Health Connect, iliyotengenezwa ili programu za afya ziweze kupeana taarifa mwenyewe akiruhusu. Kazi niliyoahidiwa inafanyika kila siku na watu wasio na mafunzo yoyote.

Nilipiga simu kwenye kituo chenu. Niliambiwa niandike barua pepe. Niliandika. Jibu lilisema akaunti ilifutwa "kwa ombi la mteja". Ombi gani? Nani aliomba? Nilikuwa nimesimama pale nimenyoosha mkono naomba simu yangu! Na siku ileile ya dukani, msimamizi wa tawi alikuwa amekaa hatua chache kutoka kaunta, anasikia kila neno, hakuinuka. Alikuja baadaye nilipopaza sauti, na alichoniambia ni kwamba nawasumbua wateja wengine.

Nirudi hapo kaunta, kwa sababu barua pepe yenu haikugusa jambo hilo hata kwa nusu sentensi. Kijana wa umri wa mwanangu alishika simu yangu, kidole kinapanda na kushuka kwenye mambo ambayo hata mume wangu sijamwonyesha, akasoma uzito wangu, akasoma usingizi wangu, akauliza habari za hedhi yangu kwa sauti ya kuuliza bei ya chaja. Mwenzake akacheka. Nyuma yangu kulikuwa na wanaume, mmoja wao baba ninayekutana naye kwenye mikutano ya wazazi shuleni. Aliangalia chini. Dada mmoja aliyebeba mtoto ndiye pekee aliyesema, "Mpe mama simu yake." Mteja alinitetea, mfanyakazi wenu hakunitetea. Tangu siku ile shuleni nasubiri watu watawanyike ndipo niingie.

Ninachodai ni hiki. Rekodi zangu zirudishwe kutoka popote mnapohifadhi nakala, katika faili linalofunguka, si picha za skrini. Niombwe radhi kwa maandishi yaliyosainiwa na mtu mwenye cheo, na yataje kilichotokea kaunta. Bangili yangu irudishwe, kwa kuwa mabadilishano tuliyokubaliana hayakutimia. Nilikuwa tayari kubaki na saa yenu. Sasa sitaki. Chukueni saa, nipeni pesa yangu yote.

Na msije mkamfukuza yule kijana mkadhani mmemaliza. Msimamizi alikuwepo. Nani aliwafundisha kuomba simu ya mteja ikiwa wazi badala ya kumwachia mwenyewe aibonyeze?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 mnaifahamu, wanasheria mnao. Hali ya afya ya mtu imo katika data nyeti. Kifungu cha 38 kinanipa haki ya kupokea data zangu na kuzipeleka ninakotaka, na muda wa kutimiza ombi hilo ni siku 30. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo yenu ya mwaka, kwa kutazama iliyo ndogo. Aliyeumizwa anaweza kudai fidia, na sheria inahesabu hata uchungu wa moyo, si hasara ya pesa peke yake.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuwapa siku 14. Nimefika hapa nimekumbuka lile neno "kwa ombi la mteja". Nawapa siku 7 za kunijibu kwa maandishi. Ya nane ikifika bila jibu, malalamiko yangu yatakuwa mezani kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, pamoja na risiti, barua pepe yenu, na jina la dada yule aliyebeba mtoto, ambaye amekubali kutoa ushahidi. Madai ya fidia yatafuata, na hayo sitayaondoa hata mkija baadaye na rekodi mkononi.

Picha za kamera ya kaunta za siku ile msizifute. Nimeziomba rasmi kupitia barua hii.

Mteja wenu, tawi la Mombasa
(Jina, nambari ya simu na nakala ya risiti vimeambatishwa)