Damu ipimwe kabla ya posa, si wiki ya harusi

Mhariri,

Kila magonjwa ya kurithi ya vijiji vya Waarabu yanapotajwa, watu huishia kwenye lawama ileile: wanaoana ndugu kwa ndugu, basi wavune walichopanda. Nimekuwa muuguzi Oman kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika vijiji vya Sharqiyah, na kwa sisi tunaozungumza Kiswahili huko jambo hili limo ndani ya nyumba zetu. Lawama hiyo haijamwokoa mtoto hata mmoja. Kinachookoa ni kupima damu, tena mapema, kabla mshenga hajatumwa.

Utafiti kuhusu Oman uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa karibu robo ya ndoa ni za watoto wa ndugu wawili. Ukijumlisha mabinamu wa mbali kidogo na wanaooana ndani ya kabila moja, unavuka nusu. Watu hawa si wajinga. Binti akiolewa na mtoto wa ami yake hatengani na mama yake. Mahari huwa nafuu. Shamba la mitende na zamu ya maji ya falaji, yaani mfereji wa kumwagilia, havitoki mikononi mwa ukoo, na kijana anayeposa wazee wanamjua tangu anatambaa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mzazi anayemtoa binti yake anatafuta hasa hilo. Dini nayo imeruhusu: Sura ya An-Nisaa imewataja wanawake walioharamishwa mmoja mmoja, na mtoto wa ami hayumo. Anayekwenda kijijini kuhubiri kwamba ndoa hizi zipigwe marufuku atakirimiwa kahawa na tende, ataagwa kwa heshima, na hakuna atakayemfuata.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kila mmoja wetu amebeba kasoro chache za kurithi asizozijua, maana vinasaba huja viwiliwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, na kimoja kikiwa kizima mara nyingi mtu haumwi. Watoto wa ndugu wawili wanashabihiana kwa takriban sehemu moja ya nane ya vinasaba vyao, walivyorithi kwa babu na bibi mmoja. Ikiwa babu yule alibeba kasoro ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, bila kujua, wajukuu wawili wanaweza kuwa wameirithi wote. Wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuleta mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba kwa sababu nimewasikia wazazi wakijipigia hesabu: wa kwanza kazaliwa mgonjwa, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Hesabu huanza upya kila mama anaposhika mimba, na nimeziona nyumba zenye wagonjwa wawili, watatu, waliofuatana.

Haki isemwe pia. Ndoa nyingi za mabinamu huzaa watoto wazima. Kwa wazazi wasio ndugu, watoto 2 hadi 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa watoto wa ndugu wawili huongezeka kiasi kama hichohicho. Na katika nchi ambayo karibu watu 6 katika kila 100 wamebeba selimundu, unaweza kuoa nje kabisa ya ukoo ukakutana na mbebaji mwenzako. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, wala hapo si ndoa za mabinamu zilizoleta balaa.

Wanaolaumu wangelala usiku mmoja tu kwenye nyumba yenye mtoto wa thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Huongezewa damu kila baada ya wiki tatu au nne, maisha yake yote. Damu hiyo huacha madini ya chuma mwilini, yasipotolewa huharibu moyo na ini. Siku hizi kuna vidonge vya kuyatoa, lakini niliwauguza watoto waliolala na sindano chini ya ngozi ya tumbo, imeunganishwa na kipampu kidogo kinachosukuma dawa hadi alfajiri. Mama hulala pembeni ameshika mrija, mtoto akigeuka usichomoke.

Saudi Arabia ililazimisha upimaji kabla ya ndoa mwaka 2004, bila kumzuia mtu kuoa baada ya majibu. Mwaka huo, kati ya wachumba walioonekana wako hatarini, walioacha kuoana hawakufika 10 katika 100. Kufikia 2009 walikuwa wamepita nusu. Ni hatua kubwa, na naifurahia. Lakini nusu nyingine? Naijua sababu. Wanakuja kupima harusi ikiwa imeshatangazwa. Baba mmoja aliniambia, "Mwanangu, kadi zimeshatoka, nitaiweka wapi sura yangu mbele ya kaka yangu?" Sikuwa na la kumjibu. Posa ikivunjika hapo, aibu yote humwangukia binti; ndiye atakayesemwa ana damu mbaya, ingawa bila mbebaji wa pili mtoto asingeumwa.

Oman nayo imeufanya upimaji kuwa wa lazima kuanzia Januari 2026. Nashukuru, ila cheti kinachotakiwa mlangoni mwa akdi kimechelewa. Vijana wapimwe wakiwa sekondari, majibu wakabidhiwe faraghani, ili mzazi anapoanza kufikiria posa awe anajua la kuuliza. Bahrain walianza kuwapima wanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa juhudi zao za jumla watoto wachanga wenye selimundu walipungua kwa zaidi ya nusu kati ya katikati ya miaka ya 1980 na mwaka 2002. Hawakumkataza mtu kumwoa mtoto wa ami yake. Kwa wengi hata posa haibadiliki: binamu mmoja akiwa si mbebaji wa selimundu wala thalasemia, waoane kwa amani, selimundu haitamshika mtoto wao.

Waliokwisha kuoana nao wasiachwe. Mtoto wao apimwe anapozaliwa tu, na akionekana ana selimundu aanzishiwe penisilini kabla hajatimiza miezi mitatu, apate chanjo zote, na daktari aangalie mapema kama anafaa kupewa haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu.

Muuguzi mstaafu,
Maskati