Kaka, shemeji hakumuua mtu

Kaka,

Simu zangu hupokei, kwa hivyo nakuandikia hapa. Wengine wakisoma, na wasome.

Jioni ile ya matanga kule Umoja, mchango ukihesabiwa, ulisimama ukawaambia wazee kwamba mtu anayekosa hewa hupiga kelele. Na kama marehemu mdogo wetu hakupiga kelele, basi alipewa kitu. Ukamgeukia shemeji. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, watoto wamemwegemea, nawe ukamnyooshea kidole. Hilo sijakusamehe.

Ukaongeza kwamba midomo na viganja vya marehemu vilikuwa vyekundu kupita kiasi. Hapo uliona sawasawa. Wekundu ule ndio uliomwondolea shemeji lawama.

Usiku ule wa Julai shemeji alikuwa kazini, zamu ya usiku. Mdogo wetu alibandika maharagwe kwenye jiko la makaa, akafunga dirisha kwa ajili ya baridi, akalala. Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo huing'ang'ania himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Damu iliyoshikwa hivyo huwa nyekundu sana. Kifua kinapanda na kushuka, lakini oksijeni haifiki inakohitajika.

Inahitajika ndani ya seli, Kaka. Mapafu ni mlango tu. Mitokondria, vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, ndizo zinazomalizia kuivunja glukosi, yaani sukari ya damu, kwa msaada wa oksijeni, na kila molekuli ya glukosi huipa seli takriban molekuli 30 za ATP, kibeba nishati cha seli. Bila oksijeni hupatikana 2 tu. ATP ndiyo inayoupigisha moyo na kuuwezesha ubongo kufikiri. Na ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauwezi kustahimili.

Sasa swali lako la kelele. Kinachomfanya mtu ahangaike kutafuta pumzi hasa ni kaboni dioksidi ikizidi katika damu. Mdogo wetu alikuwa akiitoa kama kawaida kila alipopumua. Mwili haukupata onyo. Labda kichwa kilimuuma, labda kizunguzungu, kisha usingizi ukamzidi. Hakupiga kelele kwa sababu hakujua.

Nilipoanza kuyaeleza haya ulisema elimu imenitoa adabu. Karo ya elimu hiyo ulilipa wewe, wakati Baba anaugua, nawe unavaa viatu vilivyotoboka. Sijasahau wala sitasahau. Lakini ulimshtaki mbele ya watu. Ningekujibu wapi, nyuma ya nyumba? Mjane yule alihitaji mtu wa kumsimamia, na mimi nilikuwa najua.

Kwako bado mnapikia makaa. Tafadhali, jiko lilale nje, hata likionekana limezima. Makaa yaliyofunikwa na majivu huendelea kutoa gesi ile.

Desemba tutakutana kujengea kaburi. Ripoti ya daktari aliyempasua ninayo. Mpigie shemeji kabla ya siku hiyo, namba yake ni ileile. Ukimtaja tena vile mbele ya wazee, nitasimama tena, na safari hii nitaisoma yote.