Hiyo saruji iache huko huko

Mwanangu,

Hapa Mbweni, Unguja, hatujambo. Juzi uliposema kwenye simu kwamba plasta ya kanisa itabanduliwa yote, kuta zipigwe saruji, niliitikia tu kwa sababu baba yako alikuwa pembeni, nanyi wawili mkianza hamna mwisho. Lakini usingizi sikuupata.

Zile kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zikinywa maji ya masika, zinayatoa polepole jua likiwaka. Ukishazifunika kwa saruji, maji yatatokea wapi? Yatabaki ndani pamoja na chumvi yake, na jiwe litaliwa toka ndani huku nje panang'aa. Tazama ukuta wa jiko letu, huo baba yako aliosema saruji ndiyo ya kisasa: umetoa unga mweupe, ukiupitishia ufagio vinadondoka vipande vizima. Vyombo vyangu nimehamishia ukumbini. Wewe ndiye injinia, sikatai, na kila anayepita barazani nimeshamwambia kuwa mwanangu ndiye anakuja kupima. Ndiyo maana sitaki waje kunicheka.

UMCA, wale wamisionari wa Kiingereza, walinunua shamba hili mwaka 1871, wakaweka watu waliokombolewa utumwani. Kanisa ni la 1882, mwaka ule ule aliofariki askofu wao, Steere. Bi Thackeray, aliyefundisha wasichana hapa miaka na miaka, kaburi lake si liko pale pale? Muda wote huo chokaa imeshika. Penye ufa, tomea kwa chokaa na vijiwe, basi. Na chokaa yenyewe izimwe mapema, ilale majini wiki kadhaa, si ya kukorogwa asubuhi ikapigwa mchana kwa kuwa mkandarasi ana haraka.

Kabla hujaandika makadirio, kaa na wazee wanaoijua kazi hiyo. Wamebaki wachache, na wewe kusikiliza wazee hukuanza leo kuona tabu. Pasaka pia tulikungoja.

Mdogo wako anadaiwa ada, usimwambie kama nimesema. Mwembe wa uani umeangukia choo, bati mbili zimepinda. Dawa ya presha ya baba yako inakwisha wiki hii, kwa hiyo panda boti ya asubuhi, duka la dawa lisije likafungwa. Na saruji usije nayo hata mfuko mmoja, hata ya choo nitanunua hapa.

Mama yako